Mrejesho: P0171 imeondoka, oksijeni sensa ni ileile

Wakuu, niliuliza kuhusu gari ya petroli, silinda 4: taa ya injini inawaka, kodi (namba ya hitilafu ya kompyuta ya gari) P0171, sailensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) inatetemeka, na fundi kashauri oksijeni sensa mpya (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi). Tatizo limeisha bila kununua sensa.

P0171 haimaanishi sensa imekufa. Maana yake kompyuta inaona hewa imezidi mafuta, na imeshaongeza mafuta hadi karibu na kikomo chake. Aliyesema tusome kwanza fyueli trimu (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza), Mungu ambariki. Kwenye sailensa, trimu ya muda mrefu ilikuwa +21%. Kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika ikashuka hadi +5%. Hiyo ni dalili ya hewa ya wizi (inayoingia kwenye tundu bila kupimwa): injini ikivuta hewa kidogo, tundu dogo linaonekana kubwa, ikivuta nyingi, halina uzito tena. Ingekuwa pampu au filta ya mafuta, trimu ingepanda kadiri unavyokanyaga.

Fundi akanyunyiza kabureta klina kidogo kidogo kuzunguka manifoldi ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), injini ikiwa inawaka. (Kaeni mbali na ekzosi, ile dawa inashika moto haraka!) Ilipofika kwenye mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifoldi), mlio ukabadilika palepale. Kwa juu mpira ulionekana mzima. Ulipokunjwa, chini ulikuwa na ufa wa kama sentimita 2, umelainika kwa oili.

Mpira mpya, klipu mbili, kodi ikafutwa, gari ikatembezwa. Trimu sasa +2% na sailensa imetulia.

Kabla ya kufuta kodi yoyote, andikeni data iliyohifadhiwa nayo: joto la injini, mizunguko, trimu. Ukifuta, nayo inapotea.