Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba HD yako siyo HD?

Mzee wa Rimoti, Dar

Wakuu, habari za jioni.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2019 nilinunua flati ya inchi 43 Kariakoo, nikaitundika ukutani, nikaita majirani. King'amuzi kile kile, antena ile ile juu ya bati. Fundi aliyekuja kuitundika akachukua ule waya wa zamani wa vichwa vitatu, mwekundu, mweupe na wa njano, akauchomeka. Picha ikatoka, akalipwa, akaondoka. Kwa miaka miwili nikawa natamba mtaani kwamba naangalia chaneli za bure kwa HD, yaani picha kali. Chaneli yenyewe pembeni imeandikwa HD, nani angebisha?

Aliyebisha ni mpwa wangu wa kidato cha pili. Alikuja likizo, akaangalia mpira dakika kumi, akauliza, "Mjomba, mbona namba za migongoni hazisomeki?" Nikamwambia kamera iko mbali. Akaenda nyuma ya TV, akakaa kimya kidogo, kisha nikasikia anacheka peke yake. Waya wa HDMI, ule unaopitisha picha ya HD, uliokuja na king'amuzi ulikuwa kabatini, bado umefungwa na kale kawaya kake, nimeuhifadhi pamoja na karatasi ya waranti kama hati ya kiwanja. Alipouchomeka niliona nyasi. Nasema nyasi, wakuu, unyasi mmoja mmoja, na chokaa ya mstari pale ilipomwagika vibaya.

Kwa wasiojua: waya wa njano haupitishi HD, hata king'amuzi kiwe cha dhahabu. Unaishia mistari 576 ya picha, chaneli inarusha 1080. Iliyobaki inafia humo ndani ya king'amuzi.

Dar tulizimiwa analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, tukaambiwa kuanzia sasa picha ni kioo. Kwako kioo kilifika lini? Tupeane uzoefu.

Mama Wawili, Morogoro

Mkuu umenichekesha na hiyo waranti.

Kwetu kasheshe ilikuwa bibi. Tulitoka kwenye chogo ya inchi 21 tukahamia flati, na kwa kuwa chaneli nyingi bado zilikuwa zinarusha picha ya mraba, kaka yangu akaona ile mistari mieusi ya pembeni inampunja hela yake. Akaingia kwenye setingi akaivuta picha ijae kioo chote. Basi kila mtu akanenepa. Bibi ana mtangazaji wake mmoja wa taarifa ya habari, humwitikia kila akisema "habari za jioni". Siku ile akamtazama weee, akasema, "Huyu binti ana mimba, Mungu amjalie." Tukamwacha. Miezi ikapita, bibi anahesabu, anauliza mbona hajifungui.

Chaneli ile ilipohamia HD, picha ikawa pana kweli, binti akarudi umbo lake. Bibi: "Alhamdulillah, kajifungua salama."

Sasa analalamika jingine. Anasema zamani watangazaji walikuwa na ngozi nzuri, siku hizi poda inaonekana imepakwa na mwiko. Na ni kweli, HD haina huruma. Hata meza ya studio nimegundua ni ya mbao za kubandika, kona moja imebanduka.

Fundi Bati, Mwanza

Niko kwenye kazi hii tangu enzi za chenga. Niseme machache kwa sababu watu wanasumbuka bila sababu.

Analojia ilikuwa na subira. Antena ikikaa upande, unapata chenga kidogo, kivuli kidogo, lakini taarifa ya habari unaiangalia. Dijitali haina katikati. Ama picha safi, ama inavunjika vigae vigae, inaganda mtu kaachama mdomo, kisha kioo cheusi. Kwa hiyo ile mbinu yetu ya mmoja juu ya bati na mwingine dirishani anapiga kelele "hapo hapo! rudi kidogo!" haifanyi kazi kama zamani. Ukizungusha, simama. Hesabu mpaka tano. King'amuzi kinahitaji muda kukamata. Na ndani usiangalie picha, fungua menyu uangalie vile vipimo viwili, nguvu na ubora. Watu wanakimbilia nguvu. Kinachokupa picha ni ubora.

Kisa. Mzee mmoja Kirumba aliniita, chaneli zote zinaganda, amebadilisha king'amuzi mara mbili. Napanda juu nakuta antena nzuri kabisa, na chini yake busta, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya masafa. Chini ya busta, busta nyingine. Mnara wa kurushia unauona kwa macho kutoka pale kwenye bati. Nikazing'oa zote mbili, nikaunga waya moja kwa moja, chaneli zikasimama kama askari wa gwaride. Masafa yalikuwa yanaingia kwa nguvu mno mpaka king'amuzi kinazidiwa, ni sawa na mtu anakupigia kelele sikioni, husikii anachosema. Mzee hakufurahi hata kidogo. "Yaani nikulipe kwa kupunguza vitu?" Akanipa nusu ya tulichokubaliana, na busta zake akazirudisha ndani akazifunika kitambaa.

Lingine ni waya. Nimekuta mtu kaunga antena kwa waya wa spika. Nimekuta waya wa pasi. Kwa analojia ulikuwa unapata chochote. Kwa HD usijaribu, tena ukikaa karibu na maji, kagua kile kichwa cha waya pale juu kwenye antena, kutu ikishaingia hapo hata king'amuzi kipya hakikusaidii.

Mtoto wa Kisauni, Mombasa

Hapo kwa kutu umesema kweli fundi, sisi chumvi ya bahari hula hadi misumari.

Wakenya wenzangu mnakumbuka Februari 2015? Mzozo wa nani arushe matangazo ya kidijitali ukafika Mahakama ya Juu, mwisho wake analojia ikazimwa, na stesheni kubwa zikawa gizani karibu wiki tatu. Nyumbani mama alikuwa akiwasha TV saa moja kamili, anaangalia kioo cheusi, anazima. Kila siku. Nikamuuliza, ma, wawasha ya nini? Akasema labda wamesahau kutwambia wamerudi.

Ila uchungu wangu ni wa ndugu yangu mkubwa. Yeye alikuwa mbele ya watu wote. Kenya ilipoanza majaribio ya dijitali 2009 ilikuwa DVB-T, mfumo wa kwanza wa kurusha dijitali kwa antena, naye akanunua king'amuzi mapema, akawa yuatucheka sote na chenga zetu. Kisha nchi ikahamia DVB-T2, mfumo mpya zaidi. Ile T ya kwanza haisomi T2, hata uisomee albadiri. Alikitoa elfu nne na kitu. Mpaka leo kile kiko kwake, chazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo.

Unguja Ukuu

Nyinyi mwazungumza picha nzuri kana kwamba imekuja juzi. Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Bara mlingoja mpaka 1994 ndio mkaona hiyo televisheni yenyewe. Nikumbushe tu.

Mzee wa Rimoti, Dar

Nilijua lazima mmoja atokee na hili. Sawa mkuu, tumekubali. Na HD je?

Unguja Ukuu

HD naangalia kwa shemeji.

Kaka wa Hamburg

Wakuu, huku nilidhani mambo yamenyooka. Tarehe 29 Machi 2017 Wajerumani walizima DVB-T ya zamani kwenye miji mikubwa wakaingia DVB-T2 HD. Mimi nina king'amuzi cha T2 nilichotoka nacho nyumbani, nikajisifu kwamba safari hii sinunui kitu. Nasachi, hakuna kitu. Kumbe T2 ni njia tu ya kusafirisha, mzigo wenyewe wameufunga kwa H.265, namna mpya ya kubana picha, na king'amuzi changu kinafungua ile ya zamani tu, H.264 ya MPEG-4 basi. Nikanunua kingine. ARD na ZDF, stesheni za umma, zinapatikana hewani bila kifurushi, ingawa kila nyumba inalipa ada ya utangazaji upende usipende. Zile za binafsi zimefungwa, unalipia HD yake. Nikakumbuka nyumbani.

Ombi kwa wanaotuma TV za mtumba kwa kontena: soma kwanza stika ya nyuma. Mimi nilimtumia mdogo wangu Tabora TV nzuri, nzito, safi, imeandikwa "HD" kwa herufi za fedha. Ile HD ilikuwa ya kioo. Tyuna ya ndani, ile inayokamata chaneli, ni DVB-T peke yake, haikushika hata chaneli moja. Alinipigia kwa upole sana, na upole ule ndio ulioniuma: "Kaka, imefika. Ni nzuri. Tunaiangalia."

Jirani Mwenye Redio

Mimi sina HD na sitaki. Tarehe 24 Machi 2019, Taifa Stars na Uganda, tiketi ya AFCON. Nimekaa barazani na redio yangu. Nyumba ya pili wamejaa kwenye TV kubwa. Msuva anafunga, mimi naruka, nashangilia, narudi kukaa, ndipo nasikia nyumba ya pili inalipuka. Bao la pili vile vile. La tatu wakatuma mtoto: "Baba anasema punguza sauti au usishangilie kwanza."

Fundi Bati, Mwanza

Hahaha. Picha ya dijitali inafungwa kule studio na kufunguliwa kwako, lazima ichelewe sekunde kadhaa. Hilo halina fundi.

Dada K, Dodoma

Nimesoma uzi huu nikaamka kwenda kuchungulia nyuma ya TV. Njano, nyeupe, nyekundu. Miaka mitatu! Natoka sasa hivi kwenda dukani, wanafunga saa mbili.

Mzee wa Rimoti, Dar

Nunua wa mita moja na nusu, ule mfupi utakunyanyasa. Ukishauchomeka, rimoti ya TV iende HDMI 1, kisha ingia kwenye setingi za king'amuzi chenyewe ubadilishe picha kutoka 576 iwe 1080. Hapo wengi wanasahau halafu wanarudi hapa kunitukana.