Vinasaba vya ubongo wa marehemu: ruhusa aitoe nani?

Mtoa mada (Nyegezi, Mwanza)
Wakuu, shikamooni wakubwa. Kule Odense, Denmark, umehifadhiwa ubongo wa watu 9,479 kwenye ndoo za fomalini, ile dawa ya kuzuia maiti isioze. Walikuwa wagonjwa wa akili, waliofariki kuanzia 1945 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ndugu hawakuulizwa. Mwaka 1991 baraza la maadili la nchi hiyo likaruhusu utafiti uendelee bila kuwatafuta.

Siku hizi tishu ya namna hiyo hutolewa vinasaba. Kazi ni ngumu: fomalini hugandamanisha vinasaba na protini, na miaka ikipita huvikatakata. Maabara huipasha moto tishu, huimeng'enya, kisha husoma vipande vifupi na kuviunga, kama mvuvi anayeshona wavu uliochanika.

Msimamo wangu: ukoo uulizwe kwanza. Tuseme ubongo ni wa bibi yangu: vinasaba ni vyangu pia. Ukiusoma ugonjwa wake umenisoma na mimi. Halafu sisi wa Kanda ya Ziwa tumeona ndugu zetu wenye ualbino wakiuawa kwa ajili ya viungo vyao. Mtu akija kuomba kiungo cha marehemu, hata kwa nia njema, lazima aeleze mpaka tumwelewe.

Mchangiaji (Kirumba)
Mkuu, napinga. Kinshasa, 1960, mama mmoja alikatwa kipande cha tezi kikahifadhiwa kwenye nta. Mwaka 2008 virusi vya UKIMWI vilivyosomwa humo vilisaidia kuonyesha kwamba ugonjwa ulianza kuenea kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20. Ndugu zake ungewapata wapi? Nimezika kaka wawili kwa ugonjwa huo. Wasome tu.

Mtoa mada
Pole sana, ndugu yangu. Ila pale walisoma virusi, hawakusoma ukoo wa yule mama. Na ndugu hupatikana: 2023 Berlin walilinganisha vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro enzi za Wajerumani, wakapata jamaa walio hai Tanzania. Itashindikanaje kwa mgonjwa mwenye faili hospitali?

Mchangiaji (Igoma)
Ukoo ukigawanyika je? Kwetu msemaji ni baba mdogo, lakini aliyemuuguza bibi miaka sita ni mimi. Karatasi asaini nani?

Mtoa mada
Dada, hapo umegusa penyewe. Mimi ningeanza na wewe, baba mdogo afuate. Wengine mnasemaje?