Nimeletewa barua ya wakili, mteja anadai kakuta waya kwenye siagi yangu ya karanga. Naanzia wapi?

karanga_za_moro
Wakuu heshima zenu. Nina kiwanda kidogo hapa Morogoro, tunasaga siagi ya karanga, tuko watu sita, huu mwaka wa nne. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ninayo. Jana jioni kaja kijana na pikipiki kaniachia bahasha, kufungua ni barua ya wakili, eti mteja wake, mama mmoja, alinunua kopo la gramu 400 dukani, mtoto akapakiwa siagi kwenye mkate, akachomwa na kipande cha waya kooni, wakakimbia hospitali kikatolewa. Wanataka milioni 18 ndani ya siku 14, vinginevyo tukutane mahakamani. Wameambatanisha picha ya waya uko kiganjani na picha ya kopo. Kopo ni langu kweli, lebo yangu.

Mke wangu anasema nimpigie huyo mama nimuombe radhi yaishe. Shemeji anasema nikaushe, wanatafuta hela tu hao. Mimi usiku sijalala. Mwenye uzoefu anisaidie, na hata baada ya hili, mtu wa kiwanda kidogo anajikingaje, maana likiisha hili linaweza kuja lingine.

wakili_wa_kijiweni
Pole sana mkuu. Usikaushe na wala usipige simu. Ukikausha wanafungua kesi, na usipoitikia wito wa mahakama inasikilizwa wewe haupo na hukumu unaletewa nyumbani. Ukipiga simu, kwa ule uchungu utajikuta umesema "jamani ni kosa letu tutalipa" na hayo maneno yatarudi. Kumpa mtu pole kwa mtoto kuumia hakuna ubaya, ni ubinadamu, ila ipite kwa wakili wako kwa maandishi.

Barua ya kwanza iwe fupi: tumepokea, tunachunguza, tunaomba kuona waya wenyewe na kopo (picha haitoshi), risiti kama ipo, na karatasi za hospitali. Waya ukaonwe na pande zote mbili, asibaki nao mtu mmoja akaupoteza.

Sheria yenyewe sio ngeni. 1932 kule Uingereza mama mmoja, May Donoghue, alishinda hoja dhidi ya mtengeneza soda baada ya kudai kakuta konokono aliyeoza kwenye chupa, chupa nyeusi hata huoni ndani, na soda alinunuliwa na rafiki yake, kwa hiyo yeye hakuwa na mkataba na mtu yeyote pale. Majaji wakasema mtengenezaji anawajibika kuchukua tahadhari kwa yule mlaji wa mwisho. Kwetu huku msingi wa madai ya uzembe ni huohuo. (Cha kuchekesha, yule konokono hakuwahi kuthibitishwa mahakamani, waliishia kumalizana.) Na mama anaweza kumbana mwenye duka kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mwenye duka akakugeukia wewe. Yale maandishi ya "mali ikiuzwa hairudishwi" kwenye risiti hayakusaidii kitu hapo.

Muda wa kudai kwa uzembe ni miaka 3, kwa hiyo hata wakinyamaza mwezi huu usitupe makaratasi.

bima_na_maisha
Kabla hujajibu barua, una bima? Na ni ipi? Wengi wanakata ile ya mtu akiteleza kiwandani kwako akavunjika, wanadhani inabeba na bidhaa ikishatoka getini. Haibebi mpaka iandikwe dhima ya bidhaa. Kama unayo, peleka barua LEO kwa bima, maana mikataba mingi ina sharti ukikiri au ukiahidi kulipa bila wao kujua wanajitoa. Nimeona mtu kalipa premiamu miaka mitano, siku ya siku kamwandikia mteja meseji moja ya WhatsApp ya kuomba msamaha, bima wakaishika hiyohiyo.

fundi_ubora
Wanasheria wamesema yao, mimi niulize ya kiwandani. Huo waya ni mnene au mwembamba? Una rangi gani? Mashine mnasafisha na nini? Maana viwanda vidogo vingi wanasugua mawe ya kusagia kwa brashi ya waya, na brashi ikizeeka inaacha nywele moja moja, na siagi ya karanga ni nzito, inaubeba vizuri tu mpaka koponi. Kama sio brashi basi angalia chekecheke.

Na swali kubwa: una namba ya toleo (ya mzigo uliosagwa pamoja) kwenye kopo? Una makopo mawili ya toleo hilo uliyoyaweka kabatini? Hapo ndipo unashinda au unashindwa kesi, mengine ni maneno. Kila siku ya kusaga unaandika gunia limetoka kwa nani, nani alikagua chekecheke asubuhi na jioni, saa ngapi, anasaini. Unaweka makopo mawili mpaka tarehe ya kuisha ipite. Siku unaitwa unafungua daftari. Ila daftari la kweli, sio lile linalojazwa Ijumaa kwa wiki nzima kwa kalamu moja, hakimu sio mtoto.

Marekani kulikuwa na Peanut Corporation of America, siagi ya karanga hiyohiyo, 2008 na 2009 bakteria wa salmonela wakaumiza watu zaidi ya 700, 9 wakafa. Makaratasi walikuwa nayo mengi tu, vyeti vya maabara vya kughushi. Kampuni ikafilisika, na 2015 bosi wao Stewart Parnell akafungwa miaka 28. Kwa hiyo karatasi inaweza kukuokoa au kukufunga, inategemea kilichoandikwa.

mkulima_wa_Kitui
Niko Kenya, na huku usisahau aflatoxin, sumu inayotokana na kuvu, nyinyi mnaita sumukuvu. 2004 mahindi yaliua watu 125 huku kwetu Ukambani. 2019 KEBS (shirika letu la viwango) ilisimamisha brand tano za unga wa mahindi kwa mpigo kwa ajili ya sumu hiyo. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1 ni 5. Waya mtoto anauhisi, sumukuvu hakuna anayeihisi. Pima kila mzigo unaoingia na umwandikie anayekuuzia karanga kwamba ikizidi anachukua mzigo wake na gharama ni yake. Tena Katiba yetu kifungu cha 46 inampa mlaji haki ya fidia, watu wameshaijua.

karanga_za_moro
Asanteni sana. Bima ninayo, nimeisoma jana usiku na tochi ya simu, ni ile ya kuteleza getini. Basi.

Namba ya toleo ipo, ni ya tarehe 9. Daftari la kukagua hatuna, nisiwadanganye. Makopo ya akiba hatuweki, tulikuwa tunaona hasara.

Brashi yetu ni ya nailoni. Waya wa kwenye picha ni mweupe, mwembamba, mkunjo kama herufi L. Asubuhi hii nimeshusha chekecheke nikaliinua juani. Pembeni karibu na fremu kuna tundu la kupitisha kidole, na kuna sehemu kijana aliishona kwa waya mwingine bila kuniambia. Mikunjo ni ileile.

fundi_ubora
Daah. Usilitupe hilo chekecheke wala usilishone, lipige picha na tarehe, lifungie. Simamisha kusaga. Makopo mangapi ya tarehe 9 yako nje? Na usitegemee sumaku, chuma cha pua hakishikwi vizuri na sumaku.

wakili_wa_kijiweni
Mkuu hapo stori imebadilika, huna tena kesi ya kukana, una kesi ya kiasi. Milioni 18 ni ya kuanzia bei, angalia gharama halisi za hospitali, mtoto anaendeleaje, halafu mkae mezani, mazungumzo ya maridhiano yaandikwe kwamba hayatatumika mahakamani. Ila kumalizana na huyu mama hakukukingi na wa pili kama makopo yapo mtaani na wewe sasa unajua. Kujua halafu ukanyamaza ndio kunakomaliza watu. Toa taarifa TBS, yarudishe. Na mengine niandikie pembeni, humu hata wakili wa upande wa pili anasoma.

karanga_za_moro
Toleo lile lilikuwa makopo 212. Stoo yapo 61. Yaliyobaki yako maduka saba, manne hapa mjini, mawili Mikumi, moja Kilosa. Kijana wa bodaboda ameshatoka na orodha, anayarudisha yote hata yaliyofunguliwa, na kila duka linasaini limerudisha mangapi. TBS naenda mwenyewe saa nane. Wakili nakufuata pembeni.