Nimejipima kilomita 5 peke yangu baada ya mazoezi ya kusuasua: je, huu ndio uwezo wangu wa sasa?

Toure_Asubuhi ameuliza:

Habari zenu wakuu. Nimejiandikisha kukimbia nusu marathoni (kilomita 21.1) ya Kilimanjaro mwishoni mwa Februari, na lengo nililojiwekea tangu mwaka jana ni kumaliza chini ya saa mbili. Nilipanga kukimbia mara nne kwa wiki kuanzia katikati ya Oktoba, lakini juzi nilipofungua daftari langu nikakuta kwamba katika wiki kumi na moja nimekimbia mara ishirini na mbili tu, yaani nusu ya nilivyokusudia. Novemba niliugua malaria nikakaa wiki mbili bila kukimbia kabisa. Desemba kazi za kufunga mwaka ofisini zikanibana, ikawa wiki moja nakimbia mara nne na wiki inayofuata sikimbii hata mara moja. Umbali mrefu zaidi niliofika ni kilomita 11, tena mara moja tu.

Jumamosi iliyopita niliamua kujipima ili niache kubahatisha. Nilianzia upande wa Masaki, hapa Dar es Salaam, saa moja na nusu asubuhi, nikashuka na Barabara ya Toure kuelekea Coco Beach kwa kilomita mbili na nusu, nikageuka nikarudi nilikotoka. Kabla ya kuondoka nilinyoosha viungo kwa dakika tatu hivi. Kilomita ya kwanza nilikimbia kwa 4:48, yaani dakika 4 na sekunde 48, na nilijisikia mwepesi kiasi cha kuamini kwamba malaria na Desemba havikuniachia deni lolote. Ya pili ikawa 5:10, ya tatu 5:30, ya nne 5:45, na ya tano nikajikaza nikapata 5:35. Jumla ni dakika 26 na sekunde 48. Mwezi Juni mwaka jana, katika mbio za hisani zenye watu wengi, nilikimbia umbali huohuo kwa dakika 24 na nusu.

Naomba kujua kama muda huu unaonyesha uwezo wangu wa sasa au unaonyesha tu kwamba nilikimbia vibaya, kama nirudie kipimo wiki hii, na kama lengo la saa mbili bado lina maana. Nimejitolea sana kwa mbio hizi na nisingependa kufika Moshi nikiwa nimejidanganya.

Kocha_Mstaafu_Arusha amejibu:

Ndugu yangu, kwanza nakupongeza kwa kuandika kila kilomita, kwa sababu bila namba hizo tungekuwa tunapiga ramli. Wastani wako wa Juni ulikuwa 4:54 kwa kilomita. Jumamosi, baada ya wiki kumi na moja za kukimbia na kuacha, uliondoka kwa 4:48, kasi ambayo ni kubwa kuliko hata ile ya ulipokuwa katika hali yako nzuri na umezungukwa na wenzako. Mwili haukuwa na namna ya kuilipia kasi hiyo. Kuanzia kilomita ya tatu hukuwa ukipima uwezo wako tena, ulikuwa ukipima namna unavyovumilia baada ya kuishiwa, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Kuna jambo la pili ambalo hukulitaja, nami nalijua kwa sababu nimewahi kuishi Dar es Salaam. Januari ni majira ya kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini mashariki. Ukitoka Masaki kwenda Coco Beach upepo unakusukuma mgongoni, na ukigeuka unakuja usoni. Watu hudhani kwenda na kurudi kunasawazisha mambo, lakini upepo wa usoni hukunyang'anya zaidi ya ule wa mgongoni ulivyokupa. Kwa hiyo wepesi uliousikia katika kilomita ya kwanza haukuwa wako wote.

Kuhusu kukimbia peke yako, usikubali kuambiwa kwamba bila mtu wa kumfuata hakuna muda wa maana. Filbert Bayi wetu alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch, Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, nyuma yake alikuwapo John Walker wa New Zealand akimkaribia hatua kwa hatua katika mita za mwisho, na kukimbizwa nako ni msaada. Wewe hukuwa na mtu mbele wala nyuma. Tarajia kipimo cha peke yako kiwe na sekunde kadhaa zaidi ya mashindano, na usizihesabu kuwa ni udhaifu.

Usirudie wiki hii. Kipimo kimoja cha kujitoa kikamilifu kinakugharimu siku mbili tatu za mazoezi, na wewe siku ndizo ulizopungukiwa. Rudia baada ya wiki tatu, katika uwanja wa mita 400, njia ya ndani kabisa, mizunguko kumi na miwili na nusu. Usikimbilie njia ya pili kwa kukwepa watembea kwa miguu, maana kila mzunguko utakuwa umejiongezea mita saba hivi bila kujua. Anza kwa kukimbia polepole dakika kumi na tano, kisha ongeza kasi mara nne kwa sekunde ishirini ishirini, pumzika dakika tatu, ndipo uanze. Kilomita ya kwanza isiwe chini ya 5:15. Itakuuma kuona unajizuia, lakini jizuie.

Mama_Mbio_Tanga amejibu:

Kaka, mimi ni muuguzi na pia nakimbia, na kilichonishtua katika maelezo yako si kilomita ya kwanza bali ni malaria uliyoitaja kwa mstari mmoja kisha ukaipita. Vimelea vya malaria huharibu chembechembe nyekundu za damu, na hizo ndizo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Mtu anaweza kumaliza dawa, homa ikaondoka, akarudi kazini akijiona mzima, huku wingi wa damu bado haujarudi ulipokuwa. Katika kutembea na kukaa ofisini hataligundua hilo. Ataligundua pale anapoutaka mwili utoe kila ulichonacho, ambapo moyo utapiga kwa kasi kubwa ilhali miguu haiendi.

Nakusihi, kabla ya kipimo kingine, nenda kituo chochote cha afya upime wingi wa damu. Pia pima mapigo ya moyo asubuhi ukiwa bado kitandani, kwa siku saba mfululizo, uyaandike. Ukiona siku fulani yamepanda wazi kuliko kawaida yako, siku hiyo si ya kujipima. Na mtu mwenye homa asijaribu kabisa, hata kama alishaipanga tarehe.

Halafu saa moja na nusu asubuhi mwezi Januari hapo Dar es Salaam jua limeshawaka na unyevu hewani ni mwingi, jasho halikauki mwilini. Sehemu ya damu inaelekezwa kwenye ngozi ili kuupoza mwili, na inayobaki kwa ajili ya misuli inapungua. Anza saa kumi na mbili na robo.

Hesabu_na_Viatu amejibu:

Nakubaliana na waliotangulia kuhusu mwanzo wa kasi, upepo na afya, ila natofautiana na Kocha juu ya umbali. Kwa mtu ambaye mazoezi yake yamekatikakatika, kilomita 5 za kujitoa kikamilifu ni kipimo kikali na kinategemea mno ustadi wa kugawa kasi, ambao nao hupotea mtu asipokimbia mara kwa mara. Ningependelea kipimo cha dakika thelathini ambacho Joe Friel, kocha wa Marekani, amekieneza sana: unakimbia peke yako kwa dakika thelathini kwa kasi ya juu unayoweza kuishikilia muda wote huo, na wastani wa mapigo ya moyo katika dakika ishirini za mwisho unakuonyesha kizingiti chako, yaani mahali ambapo mwili unaanza kulemewa. Namba hiyo itakusaidia kupanga mazoezi ya kila siku, jambo ambalo ndilo unalolihitaji zaidi kuliko muda wa kujivunia.

Sasa lengo la saa mbili. Mhandisi Mmarekani Peter Riegel alitoa mwaka 1977 kanuni ambayo mpaka leo vikokotoo vingi vya intaneti vinaitumia: unagawanya umbali mpya kwa umbali wa zamani, unapandisha jibu kwa kipeo cha 1.06, kisha unazidisha kwa muda wako. Kwa maneno mepesi, umbali ukiongezeka mara mbili, muda hauongezeki mara mbili kamili bali mara 2.08 na kidogo juu yake. Kwa dakika 26 na sekunde 48 inakupa nusu marathoni ya saa 2, dakika 3 na sekunde 18. Kwa muda wako wa Juni inakupa saa 1 na dakika 52 na kitu. Ukisimama hapo utasema saa mbili ziko karibu sana.

Lakini kanuni hiyo inamchukulia mkimbiaji aliyefanya mazoezi ya kutosha kwa umbali wote huo, na wewe umefika kilomita 11 mara moja. Kilomita 5 zinauliza swali la mapafu na moyo, na hayo hurudi mapema ukishaanza tena kukimbia. Baada ya kilomita ya kumi na tano swali linageuka kuwa la mapaja, magoti na akiba ya nguvu, na kwa hilo kipimo chako, hata kingeendeshwa vizuri namna gani, hakina jibu. Ukipata matokeo mazuri zaidi safari ijayo, yatumie kupanga kasi ya mazoezi. Kasi ya kuanzia Moshi ipange kwa kuangalia mbio zako ndefu.

Kocha_Mstaafu_Arusha amejibu:

Hoja ya dakika thelathini ni nzuri, naiheshimu. Ninachong'ang'ania kilomita 5 ni kwamba muda wa Juni anao tayari wa kulinganisha nao, na ukibadilisha kipimo kila mara hutajua kilichobadilika ni mwili au kipimo. Kuhusu mbio ndefu tuko pamoja kabisa. Kijana aongeze kilomita moja au mbili tu kila mwisho wa wiki, polepole, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi.

Toure_Asubuhi ameandika, wiki tatu baadaye:

Wakuu, narudi kutoa taarifa. Dada wa Tanga, nakushukuru kwa namna ya pekee. Nilipima, na damu ilikuwa chini kidogo ya inavyotakiwa. Nimepewa vidonge na nimeambiwa nirudi kupima tena. Katika wiki hizi tatu nimekimbia mara kumi na moja kati ya kumi na mbili nilizopanga, na mbio ndefu zilikuwa kilomita 13, 15 na 16.

Jana nilijipima katika uwanja wa shule wenye njia ya changarawe, saa kumi na mbili na robo, nikiwa nimepasha mwili kama Kocha alivyoelekeza. Kwa kuwa nilihofia kupoteza hesabu ya mizunguko, nilishika punje kumi na mbili za maharage mkononi. Nilianza nusu mzunguko kabla ya mstari wa mwisho, na baada ya kuupita mara ya kwanza nikawa nadondosha punje moja kila ninapomaliza mzunguko. Kilomita ya kwanza ilikuwa 5:18, na kwa kweli ilinichosha kwa kujizuia kuliko kwa kukimbia. Zilizofuata ni 5:16, 5:17 na 5:15. Zilipobaki punje mbili mkononi, zimelowa jasho na zimeanza kubambuka maganda, ndipo niliposikia kwamba bado ninayo nguvu ya kutoa, nikamaliza kilomita ya mwisho kwa 5:02. Jumla ni dakika 26 na sekunde 8.

Siwezi kusema ni kiasi gani kati ya hizo sekunde arobaini kimetokana na vidonge, kiasi gani na mazoezi, na kiasi gani na kugawa kasi vizuri, lakini safari hii nilifika mwisho nikiwa bado nakimbia. Nimepiga hesabu ya Riegel nikapata saa 2 na sekunde 14 hivi, na nakiri kwamba nilitamani sana kuiamini. Hata hivyo, kilomita 16 za Jumapili iliyopita ziliniacha na mapaja mazito tangu kilomita ya kumi na tatu. Nimeamua kuanza kwa 5:55 kwa kilomita, kasi ambayo ingenifikisha kwa saa 2 na dakika 5 hivi, na saa mbili nitaziwania katika mbio nyingine mwaka huu nikijaliwa kufanya mazoezi bila kukatiza.

Kocha_Mstaafu_Arusha amejibu:

Umefanya vyema. Nina neno moja tu juu ya hiyo 5:55: njia ya Moshi inapanda kwa muda mrefu kuelekea Mweka kabla ya kukurudisha chini, kwa hiyo katika mlima usiitazame saa. Panda kwa pumzi ileile uliyokuwa nayo katika mbio zako ndefu, hata kama saa inakuonyesha 6:30. Hiyo 5:55 ni wastani wa njia nzima, na sehemu ya kuurudisha ni mteremko, ukifika huko na mapaja yakiwa bado yako.