Hesabu moja ya mibono, majibu mawili. Niandike lipi?

Mwali_wa_Mindu
Wakuu, salaam. Niko Morogoro, mwaka wa pili wa uzamili, na nimetakiwa kuandika kurasa mbili za ushauri wa sera: dizeli ya mbegu za mibono kaburi (jatropha) inapunguza gesijoto au haipunguzi? Nimetumia tathmini ya mzunguko mzima. Unaifuata lita ya mafuta tangu trekta linapoingia shambani, mbolea, kukamua, kusafirisha, hadi moshi wa ekzosi, na kila hatua unaiandikia gramu zake za gesijoto kwa kila megajuli ya nishati.

Jana usiku nililala na furaha, mibono ilikuwa na nafuu ya zaidi ya nusu ukiilinganisha na dizeli ya kawaida. Asubuhi nikabadilisha kisanduku kimoja tu cha Excel, kile cha "ardhi ilikuwa nini kabla", nikatoa "shamba lililotelekezwa" nikaweka "pori la miombo". Mafuta yaleyale yakawa mabaya kuliko dizeli mara kadhaa! Msimamizi anasema nichague moja, wakubwa hawasomi majedwali. Nichague lipi?

Dereva_wa_Fuso
Dada, chagua analotaka mwenye pesa. Natania, ila si sana. Hesabu inayogeuka kwa kisanduku kimoja mimi siiamini hata kidogo.

Babu_Mizani
Dereva, mimi ndiyo naiamini kwa sababu hiyohiyo. Imemwonyesha binti jambo lenyewe liko wapi.

Mwali, fanya hesabu hii kwa mkono, achana na Excel. Tuseme pori lako lina tani 30 za kaboni kwa hekta (namba ya mfano, yako utaipima). Ukilifyeka likaenda angani lote, ni kama tani 110 za hewa ukaa. Wazungu wa Umoja wa Ulaya hulieneza deni hilo la kaboni kwa miaka 20, kwa hiyo tani 5.5 kila mwaka. Sasa weka mavuno ya tani moja ya mbegu kwa hekta, utoe kilo 300 za mafuta, hizo ni megajuli 11,100 hivi. Gawanya. Unapata karibu gramu 495 kwa megajuli, na hapo hujaweka hata tone la dizeli ya trekta. Mafuta ya kisukuku Ulaya waliyaandikia gramu 83.8 mwaka 2009, baadaye wakayapandisha hadi 94. Ukieneza deni kwa miaka 30, kama Wamarekani, inashuka hadi 330. Bado umezama.

Hili si la darasani tu. Dakatcha, nyuma ya Malindi, kampuni moja ilitaka kulima mibono msituni ili mafuta yaende Ulaya. Mwaka 2011 mashirika ya ActionAid, RSPB (la kulinda ndege, Uingereza) na Nature Kenya yaliagiza tathmini kama yako. Jibu: gesijoto mara 2.5 hadi 6 ya mafuta ya kisukuku. Namba hiyo ilimpa mwanakijiji wa Kigiriama kitu cha kuweka mezani mbele ya watu wenye kompyuta.

Kisanduku cha pili cha kukitilia shaka ni mavuno. Marehemu mzee wangu alipanda ekari moja na nusu Handeni mwaka 2008. Wakala alikuja na pikapu, akasema mti huu hautaki maji, mbolea wala jicho la mtu. Kweli haukufa. Lakini kutokufa na kuzaa ni mambo mawili! Msimu wa tatu tulikaa barazani tukibangua kwa mikono, mama, mimi na wadogo zangu wawili. Gunia la kwanza lilijaa siku ya nne. Wakala hakurudi, na mbuzi wenyewe walipita pembeni, maana mbegu ile ni sumu. Sasa angalia jedwali lako: mashudu, yale makapi ya kukamua, umeyahesabia nafuu ya kutumika kama nini?

Mwali_wa_Mindu
Shikamoo Babu. Nimeangalia. Nimeyapa nafuu ya chakula cha ng'ombe. Nilinakili kutoka jedwali la soya. Naona aibu.

Babu_Mizani
Marahaba. Futa, weka mbolea, endelea. Wakubwa zako wamefanya makubwa kuliko hayo. Marekani mwaka 2007 waliandika sheria kwamba etanoli ya mahindi ipunguze gesijoto kwa asilimia 20, halafu wakavisamehe viwanda vilivyokwisha kuanza kujengwa kabla ya tarehe 19 Desemba mwaka huohuo. Kizingiti kipo, mlango wa uani uko wazi.

Ulaya walifanya jambo la kuigwa na jambo la kujifunzia. La kuigwa: mazao yasitoke kwenye ardhi iliyokuwa msitu Januari 2008. Tarehe imeandikwa, picha za setilaiti zipo, hakuna kubishana. La kujifunzia: walisahau kwamba ukichukua shamba la chakula, anayelima chakula atakwenda kufyeka kwingine. Mwaka 2015 ndipo wakaweka ukomo wa asilimia 7 ya nishati ya usafiri kwa mafuta ya mazao ya chakula.

Kwa hiyo usichague jibu. Peleka majibu yote mawili na sharti katikati: ardhi ilikuwa nini tarehe fulani, na mavuno yaliyopimwa mizani, siyo ya kwenye kipeperushi.

Jamaa_wa_Muhoroni
Huku kwetu etanoli hutoka kwa molasi, masalia ya kutengeneza sukari ya miwa, hakuna msitu unaokatwa kwa ajili yake. Hiyo si imeshinda moja kwa moja?

Babu_Mizani
Imeanza vizuri. Ila uliza maji machafu ya kiwanda yanaenda wapi. Yakilala kwenye mabwawa ya wazi yanatoa methani, ambayo nayo ni gesijoto, na ile nafuu inaanza kuliwa. Wakiikusanya methani na kuichoma kwenye boila, hapo umeshinda kweli. Halafu mkubaliane molasi ni taka au ni bidhaa, maana ikiwa bidhaa inabeba sehemu ya mbolea ya miwa.

Dereva_wa_Fuso
Haya, narudisha maneno yangu nusu.

Mwali_wa_Mindu
Asante Babu. Nitaandika sharti. Shida moja: shamba ninalolitumia kama mfano lilishafyekwa. Visiki vipo, nimehesabu 212 kwenye kipande cha mita 50 kwa 50, lakini vigogo vilishakuwa mkaa, viko Dar. Kuna mtu amewahi kukadiria uzito wa mti kwa kipenyo cha kisiki?