Tupeane uzoefu: mliopeleka watoto wadogo Namugongo, Kasubi, misikitini na kwingine, mliwaambia nini?

Nianze mwenyewe. Dada yangu alikuja na watoto wake kutoka Kisumu tukasema jamani tusikae tu Ntinda tunakula chapati wiki nzima, tuwapeleke Namugongo, pale karibu na Kampala walipochomwa moto Mashahidi wa Uganda kwa ajili ya imani yao. Ilikuwa siku ya kawaida siyo ile tarehe 3 Juni ya kuwakumbuka, maana siku ile na watoto wadogo mimi siendi hata unilipe, watu wanatoka kwa miguu Kenya, Tanzania, Kongo, Rwanda, mtoto ukimwachia mkono umempoteza. Wangu wawili, mmoja ana sita mwingine mitatu. Nilijipanga vizuri sana, maji, pampasi, kofia, gonja (ndizi) kwa kaveera (mfuko wa plastiki), nguo za kubadilisha. Kitu sikupanga ni maneno.

Basilika yenyewe waliipenda hapo hapo, lile umbo la nyumba ya kienyeji na paa linaloshuka chini kama mwavuli, na nguzo 22 za shaba kuizunguka, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Mkubwa akaanza kuzihesabu anakimbia, anafika 17 anasahau alianzia wapi, anarudia. Mpaka hapo raha tu. Sasa muongozaji akaanza, mwaka 1886, Kabaka Mwanga (kabaka ni mfalme wa Buganda), vijana wa ikulu waliouawa, Karoli Lwanga, akafika kwa Kizito ambaye alikuwa mdogo kuliko wote, kama miaka 14 hivi. Binti yangu akauliza, mkubwa kama mtoto wa mamkubwa? (Huyo wa dada, alikuwa amesimama hapo hapo na simu yake.) Nikasema eeh, kama yeye. Akamwangalia binamu yake juu mpaka chini, akanyamaza. Halafu akauliza, na mama yake alikuwa wapi?

Muongozaji akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia yeye. Nikasema haya twendeni tukaone ziwa.

Ziwa lilisaidia nusu saa. Kwenye foleni ya Kyaliwajjala swali likarudi, usiku likarudi tena. Kwa hiyo naomba mliopitia, na siyo ya vitabuni, mlisema nini kwa mdomo wenu?

Baba Wawili, Mukono
Wewe una bahati uliishia upande wa Wakatoliki. Sisi ni Waanglikana tulienda upande wetu kwenye makumbusho, na sikuuliza kitu nikaingia na kijana wa miaka mitano. Mle ndani kuna sanamu za ukubwa wa mtu, watu wanafungwa, wanaviringishwa kwenye matete, moto, kila kitu. Hakulia, na hapo ndipo nilidanganyika, nikajua huyu ni mwanaume ameweza. Siku tatu akakojoa kitandani, na mama yake akiwasha sigiri (jiko la makaa) anatoka jikoni mbio. Nilichapwa maneno na mke wangu, nikachapwa na mama yangu pia.

Aliyemtuliza ni huyo huyo mama yangu, jajja (bibi) yake. Hakumwambia haikutokea. Alimwambia kile wanachosimulia wazee, kwamba Kizito aliogopa na Lwanga akamwahidi kumshika mkono, akamshika mkono hivi, kama mimi nilivyokushika. Mtoto akauliza mkono upi, jajja akasema wa kulia. Ikaisha. Sasa ukienda naye kanisani anadai mkono wa kulia tu, wa kushoto hataki.

Ushauri wangu ni mmoja, mzazi mmoja aingie kwanza peke yake aangalie, mwingine abaki nje na watoto wale mandazi.

Binti Bombo
Sisi Wanubi huwa tunaanzia Old Kampala, msikiti wa taifa, ule aliojenga Gaddafi ukafunguliwa 2007. Pale hakuna cha kutisha, pale shida ni miguu. Ule mnara una ngazi karibu mia tatu na zinazunguka zunguka, wangu wa miaka minne alipanda kwa mbwembwe mpaka katikati halafu akakaa chini, akasema yeye anaishi hapo sasa. Nyuma yetu kuna wageni wanapumua kama mbuzi, hawapiti. Nikambeba mgongoni na hijabu yangu na mkoba wangu, wallahi nilifika juu naona nyota mchana. Lakini juu! Unaona Kampala yote, Namirembe kule, Rubaga kule, Kibuli kule, barabara zinatoka chini yako kila upande, mwenye kupeleka wageni anawaonyesha kilima kwa kilima. Mtoto anachokumbuka sasa? Aliuliza kama mwadhini anapanda ngazi zote hizo mara tano kwa siku. Nikamwambia kuna spika. Akahuzunika kabisa.

Na soksi, wapenzi, angalieni soksi kabla hamjatoka nyumbani. Unavua viatu mbele za watu ndio unagundua kidole cha mwanao kinasalimia waumini. Wale akina mama ambao hawajajifunika hupewa kitambaa pale pale, msiogope.

Mzee Kijana
Kikaaya, hekalu la Wabahai. Nyasi. Mwisho wa ushauri.

Mama Mapacha, Jinja
@Mzee Kijana umesema kweli lakini umeikata mno. Lile hekalu lina pande tisa na lipo tangu 1961, bustani yake kubwa na imetunzwa, watoto wanabingirika kwenye mteremko mpaka wanachoka. Ndani ni kimya, hakuna sanamu, hakuna wa kuhubiri, pacha mmoja aliangalia juu kwenye kuba akaninong'oneza, wamehama? Nilicheka mpaka nikatoka nje, na ndani haifai kucheka. Kama mtoto wako bado ni wa miaka mitatu, anzia pale. Mashahidi watamsubiri.

Shemeji wa Baganda
Mimi ni wa Arua, mke ni Muganda, kwa hiyo Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, nilipelekwa siyo nilienda. Na nadhani Waganda wametatua hili swali zamani kuliko sisi wote. Kule wamelala Kabaka wanne, Muteesa wa kwanza, huyo huyo Mwanga wa Namugongo, Chwa na Muteesa wa pili, lakini huwezi kusikia mtu akisema amekufa. Kabaka hafi. Ameingia msituni. Na huo msitu uko mle ndani ya nyumba kubwa, nyuma ya pazia la mbugo (kitambaa cha gome la mti), wewe huingii.

Mke alimweleza binti yetu hivyo, wa miaka mitano, nikasema hapa tumepona. Kumbe! Atarudi lini? Anakula nini msituni? Kuna simba? Mke akabaki anacheka, mimi nikasema hii ni ya upande wenu, jibu. Halafu tukamwambia na ule moto wa Machi 2010 ulioteketeza nyumba na jinsi walivyoijenga tena kwa nyasi na matete, na kwamba kuna ukoo ambao kazi yao ni kuezeka, wa Ngeye. Hiyo ndiyo aliondoka nayo, siku hizi anaezeka kila kitu, aliezeka banda la kuku kwa majani ya migomba.

Wanawake sketi ndefu au mjifunge leso, na mtu hakai amenyoosha miguu. Watoto wanasamehewa.

Min Latin, Gulu
Nitasema tofauti kidogo msinikasirikie. Mnaficha sana. Sisi tulilelewa wakati wa vita, hakuna aliyetuficha kitu. Mama alitupeleka Paimol, Agago, walipouawa Daudi Okelo na Jildo Irwa mwaka 1918, wale makatekista, wavulana tu, waliotangazwa wenye heri 2002. Kaka mdogo akauliza kwa nini waliuawa. Mama akasema, waliuawa na watu wenye hasira, hawakuwa wamefanya kosa. Halafu akatugawia karanga. Hakuongeza neno. Hatukuota ndoto mbaya yoyote. Nafikiri mtoto anaangalia uso wako kwanza, ukikimbilia ziwani anajua kuna kitu.

Baba Wawili, Mukono
Karanga na sanamu za moto ni vitu viwili tofauti dada yangu.

Min Latin, Gulu
Hapo sawa, za sanamu sikatai.

Mwenye uzi
Banange, asanteni. Nimerudi kuwapa habari. Jana ananisaidia kumenya matoke (anaharibu zaidi ya anavyomenya), nikamwambia bila kumuangalia, lile swali lako la mama wa Kizito, sijui alikuwa wapi. Akamenya kidogo. Akasema, labda alikuwa njiani anakuja ila kulikuwa na jam.

Nikasema labda.

Sasa mwezi ujao dada anarudi, nafikiria Kigungu pale Entebbe walipotua Padri Mapeera na Bruda Amans, wamisionari wa kwanza Wakatoliki, Februari 1879. Aliyewahi kwenda na watoto?

Mama Mapacha, Jinja
Nenda, ziwa liko hapo hapo. Ila wasiingie majini, kichocho. Na nguo za kubadilisha beba mara mbili maana wataingia.