Tupeane uzoefu: unapimaje wati unazoweza kuzishikilia saa nzima?

Mzee wa Pedali
Wakuu wa baiskeli Tanga, habari za asubuhi. Mazoezi bila kujua nguvu yako ni kubahatisha, kwa hiyo kila mmoja aseme anapimaje. Mimi pedali zangu zina kipimo cha wati, yaani nguvu ninayokanyagia. Napasha mwili, nakanyaga dakika 5 kwa nguvu zote, napumzika kidogo, kisha dakika 20 mfululizo, nikijigawa nisikate pumzi katikati. Wastani nauzidisha kwa 0.95: ukiwa 220, nguvu ya saa nzima ni kama wati 209. Zile dakika 5 msiziruke jamani. Zinapunguza nguvu ya mbio fupi, la sivyo namba inakuja kubwa kuliko uwezo wako.

Kijana wa Muheza
Shikamoo mzee. Pedali hizo bei yake bado sijaiweza, natumia mlima wa kwenda Amani. Mimi, baiskeli na maji ni kilo 80. Nikipanda kimo cha mita 300 kwa dakika 20, nafanya 80 × 9.81 (mvutano wa dunia) × 300, nagawa kwa sekunde 1,200, napata wati 196. Upepo na ukinzani wa tairi kwenye vumbi havimo, kwa hiyo nguvu halisi iko juu kidogo. Lakini nikirudia mlima uleule, tairi zilezile, naona kabisa kama nguvu yangu imeongezeka au imepungua.

Bint Raskazone
Wote mmesahau joto! Kipindi cha kaskazi, saa nane mchana, mapigo ya moyo yanapanda huku wati zinashuka. Hewa ya pwani ina unyevu, jasho linachuruzika badala ya kukauka, mwili haupoi, na damu inakimbilia kwenye ngozi wakati miguu inaihitaji. Napima alfajiri tu. Na spidi msiiamini: upepo ukiwa mgongoni kila mtu ni bingwa.

Fundi Spoku
Mimi napimia ndani ya nyumba, kwenye mashine ya mazoezi, naongeza wati 20 kila dakika mpaka miguu igome, nachukua 75% ya wastani wa wati wa dakika yangu bora. Ni kipimo kifupi, ila wenye mbio fupi kali kinawapendelea.

Mzee wa Pedali
Marahaba kijana. Binti, la alfajiri nakuunga mkono. Kijana, kile kimo cha mita 300 unakisoma kwenye simu au kwenye ramani? Simu yangu kila nikipanda inanipa jibu tofauti.